Maombi ya ruzuku na maandalizi ya walimu wa sayansi na hisabati nchini Marekani, 1950–2007

1. Utangulizi

Historia ya elimu imezoea kuandikwa kwa kufuata sheria, mitaala na majina ya mawaziri. Ni nadra mwanahistoria kusimama mbele ya karatasi nyingine, isiyo na fahari, ambayo mara nyingi huyatangulia hayo yote: ombi la ruzuku, yaani andiko ambalo chuo humpelekea mwenye fedha kikieleza haja iliyopo, kazi itakayofanywa, watu watakaoifanya na gharama zake. Nchini Marekani, tangu katikati ya karne ya 20, sehemu kubwa ya juhudi za serikali kuu za kuwaandaa na kuwaendeleza walimu wa sayansi na hisabati imepitia katika andiko la namna hiyo. Makala haya yanaifuata historia yake toka mwaka 1950 hadi 2007. Yanakusudia kuonyesha kwamba ombi la ruzuku si bahasha tu ya kubebea fikra. Ni chombo kinachoamua nani ataitaja haja ya mwalimu, na kwa hiyo mwalimu atafundishwa nini.

2. Serikali iliyongoja kuombwa

Msomaji aliyezoea utaratibu ambamo wizara moja hupanga programu ya nchi nzima huenda akajiuliza: kwa nini serikali yenye uwezo mkubwa hivyo ingoje kuombwa? Jibu limo katika katiba. Katiba ya Marekani haitaji elimu hata mara moja. Shule ni mali ya majimbo, na uendeshaji wake umewekwa mikononi mwa halmashauri za mahali. Kila mara Washington iliponyosha mkono kuelekea shuleni, ilishtakiwa kwamba inataka kuzitawala.

Taasisi ya Taifa ya Sayansi iliundwa kwa sheria iliyotiwa sahihi na Rais Truman tarehe 10 Mei 1950. Sheria hiyo iliipa kazi ya kukuza utafiti pamoja na elimu ya sayansi. Mkurugenzi wake wa kwanza, Alan T. Waterman, aliyeiongoza toka 1951 hadi 1963, alilikaribia suala la shule kwa hadhari. Mwaka 1953 mafunzo ya kwanza ya kiangazi yalifanyika kwa ajili ya walimu wa vyuo, yakiwemo yale ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Colorado. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Washington, kilichoko Seattle, kiliwapokea walimu wa hisabati wa shule za sekondari.

Utaratibu ulikuwa mwepesi kueleweka. Chuo kikuu kiliandika ombi. Wanasayansi walioteuliwa na Taasisi walilisoma na kutoa maoni. Taasisi ikatoa fedha. Kwa njia hiyo serikali haikuamuru lolote, bali ilijibu. Ombi la ruzuku lilikuwa ngao ya kisiasa: anayeomba ndiye aliyetaka, na anayetoa hawezi kulaumiwa kwamba amelazimisha.

3. Miaka ya neema

Mwaka 1955 Nicholas DeWitt alichapisha uchunguzi wake juu ya wataalamu wa Kisovieti, na takwimu zake za mainjinia na wanasayansi ziliwatia hofu wabunge wengi. Mwaka 1956 mbunge Albert Thomas wa Texas, aliyesimamia bajeti ya Taasisi katika Bunge, alishikilia kwamba dola milioni 9.5 zitengwe kwa mafunzo ya walimu. Ikumbukwe kwamba hayo yalitukia kabla ya Sputnik. Chombo hicho kiliporushwa tarehe 4 Oktoba 1957, njia ya kupitishia fedha ilikuwa imekwisha kuchimbwa. Kilichoongezeka ni maji. Bajeti nzima ya Taasisi ilipanda kutoka dola milioni 40 hivi katika mwaka wa fedha 1958 hadi milioni 134 hivi katika mwaka uliofuata. Na sheria ya elimu kwa ulinzi wa taifa, ya Septemba 1958, ikaongeza fedha za vifaa vya sayansi mashuleni.

Ombi la miaka hiyo lilimtaja profesa atakayeongoza, masomo yatakayotolewa, wiki za mafunzo na idadi ya walimu watakaopokelewa, pamoja na posho yao na nyongeza kwa wategemezi wao. Kwa kuwa waandishi walikuwa maprofesa wa fizikia, kemia na hisabati, na wasomaji wao walikuwa maprofesa wa aina ile ile, haja ya mwalimu ilitajwa kwa namna moja: upungufu wa maarifa ya somo. Mbinu za kufundishia hazikupewa uzito. Walimu waliotoka chuoni zamani walikutana na fizikia ya atomu na hisabati ya seti, na wengi walirudi shuleni wakiwa na heshima mpya machoni mwa wenzao. Faida hiyo haifai kudharauliwa. Hata hivyo, maswali ambayo mwalimu mwenyewe angeyauliza, juu ya mtoto asiyefuata somo au darasa lisilo na maabara, hayakuwa na mahali pake katika karatasi ile.

Waswahili husema: mwomba chumvi huombea chunguche. Hapa aliyeomba alikuwa na chungu chake, yaani idara ya chuo kikuu, na aliyetarajiwa kula alikuwa mwingine.

4. Entebbe

Tabia hiyo ilivuka bahari. Jerrold Zacharias, mwanafizikia wa MIT, ndiye aliyeanzisha mwaka 1956, kwa fedha za Taasisi, mpango mpya wa fizikia ya sekondari. Shirika lililotokana na kazi hiyo lilibuni baadaye mpango wa hisabati kwa Afrika. Mwaka 1962 wanahisabati wa Marekani, Uingereza na Afrika walikutana Entebbe, nchini Uganda, kuandika vitabu vya hisabati mpya pamoja na viongozi vya walimu, kwa ajili ya nchi zinazofundisha kwa Kiingereza. Fedha zilitoka katika shirika la misaada la serikali ya Marekani na Ford Foundation.

Waafrika walishiriki katika uandishi, lakini maombi ya fedha yaliandikwa Massachusetts, na haja iliyotajwa humo ilifanana sana na ile ya Marekani. Mmoja wa walioliona pengo hilo ni John Gay, mwalimu wa Cuttington College nchini Liberia. Pamoja na Michael Cole alichapisha mwaka 1967 uchunguzi juu ya hisabati ya Wakpelle. Walionyesha kwamba Wakpelle waliweza kukadiria vikombe vya mchele kwa usahihi kuwapita Wamarekani, na wakashauri kwamba mwalimu aanzie katika yale ambayo mtoto tayari anayajua. Funzo hilo lilipatikana baada ya vitabu kuandikwa, wakati lilistahili kutangulia ombi lenyewe.

5. Ngao inavunjika

Mwaka 1975 mbunge John Conlan wa Arizona aliushambulia mtaala wa elimu ya jamii uliotengenezwa kwa fedha za Taasisi, akidai kwamba unapotosha maadili ya watoto. Hoja ya zamani, kwamba Taasisi hujibu tu maombi, haikutosha tena; wabunge walitaka kujua nani alisoma maombi hayo na kwa nini aliyakubali. Mafunzo ya walimu yalipungua mwaka hadi mwaka, na chini ya Rais Reagan idara ya elimu ya Taasisi ilikuwa karibu imevunjwa kufikia mwaka 1982. Mwaka uliofuata ripoti mashuhuri juu ya hali ya elimu nchini ilisababisha irudishwe. Hivyo programu iliyojengwa kwa muda wa miaka thelathini ilibomolewa na kuanza kuinuliwa tena ndani ya miaka michache, kwa kuwa haikuwa na mzizi mwingine ila ruzuku.

6. Ombi lililo mkataba

Ombi lililorudi halikuwa lile la kwanza. Toka mwaka 1997 kila andiko lilipimwa kwa vigezo viwili: ubora wake wa kitaaluma na manufaa yake kwa jamii. Mwandishi alitakiwa kuthibitisha, si kuahidi tu.

Mwaka 2002 Bunge liliunda programu iliyopewa jina la Robert Noyce, mmoja wa wavumbuzi wa saketi unganishi na wa waanzilishi wa Intel, aliyefariki mwaka 1990. Chuo kilichoomba kilitakiwa kuonyesha ushirikiano wake na wilaya za shule zenye uhitaji mkubwa. Mwanafunzi wa sayansi au hisabati aliyepata msaada alifungwa kufundisha katika wilaya kama hizo miaka miwili kwa kila mwaka mmoja wa msaada. Asipotimiza, msaada uligeuka kuwa mkopo. Sheria ya mwaka 2007 iliongeza nafasi kwa walimu wazoefu.

Hapo ndipo shule maskini ilipoingia katika ombi, si kama mpokeaji bali kama mshirika anayetajwa kwa jina. Lakini ugumu mpya ulizaliwa: andiko lenye ushahidi, washirika na vipimo huhitaji ofisi na wataalamu, vitu ambavyo chuo kidogo hakina. Programu yenyewe ilikiri hivyo ilipotenga ruzuku ndogo za kujenga uwezo, yaani fedha za kuviwezesha vyuo kujiandaa kuomba fedha.

7. Hitimisho

Katika nusu karne hiyo ombi la ruzuku lilikuwa kwanza ngao, kisha shabaha ya mashambulio, na mwishowe mkataba. Katika kila hatua, mwalimu alipata kile ambacho mwandishi aliweza kukitaja kwa lugha ambayo msomaji wa ombi aliikubali. Kwa hiyo uandishi wa maombi haufai kuachiwa wahasibu, wala kuhesabiwa kuwa ufundi wa kujaza fomu. Chuo kinachotaka kuwaandaa walimu wa hisabati na sayansi kitafanya vema kuanza kwa kumsikiliza mwalimu aliye darasani, kuandika haja yake kwa maneno anayoyatambua, na kuuliza mapema ni nini kitakachosalia siku fedha zitakapokwisha. Ombi lisilojibu swali hilo la mwisho huenda likapata fedha. Kupata walimu ni jambo jingine.