Makala za kitaalamu, utafutaji wa (Kisangani)

Utafutaji wa makala za kitaalamu ni kazi ya kuyafikia matokeo ya utafiti yaliyochapishwa katika majarida, baada ya kukaguliwa na wataalamu wengine. Kwa mwanafunzi anayeishi Kabondo, mojawapo ya komuni sita za mji wa Kisangani, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mlango wa kawaida ni maktaba za Chuo Kikuu cha Kisangani (UNIKIS). Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1963 na makanisa ya Kiprotestanti kwa jina la Université libre du Congo, kikaunganishwa na vile vya Kinshasa na Lubumbashi mwaka 1971, kisha kikajitegemea tena mwaka 1981.

Ugumu wa kwanza ni majina. Mji uliitwa Stanleyville hadi 1966, nchi ikaitwa Zaïre kuanzia 1971 hadi 1997, na Tshopo, uliko mji huu, ikawa mkoa mwaka 2015 tu, Province Orientale ilipogawanywa. Anayechunguza udongo au mimea ya Yangambi, katika mkoa huo, kilipokuwa kituo kikuu cha INEAC, taasisi ya kilimo iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1933, akiandika «Tshopo» peke yake atazikosa kazi nyingi za zamani.

Jina la Kabondo nalo lina mitego yake. Likiandikwa bila nyongeza, huleta pia Kabondo-Dianda ya Haut-Lomami na Kabondo ya kaunti ya Homa Bay, Kenya. Dawa yake ni kuliambatanisha na «Kisangani». Na hapo pia chunguza vizuri, maana kuna msomi wa siasa za Kongo, Emizet Kisangani, ambaye jina lake hujitokeza upande wa waandishi. Lugha nayo ni mtego: kwenye PubMed, hifadhidata ya makala za tiba zilizopangwa kwa Kiingereza, anayetafuta habari za homa ya malaria aandike «malaria», si «paludisme» ya Kifaransa cha darasani.

Majarida mengi ya nje husomwa kwa kulipia. Mpango wa Hinari, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 na sasa ukiwa sehemu ya Research4Life, huwafungulia wasomaji wa nchi zenye kipato kidogo majarida ya tiba, na Kongo imo kati ya zile zisizotozwa chochote. Lakini husajili taasisi, wala si mtu mmoja mmoja; ndiyo maana neno la siri huombwa kwa mkutubi. Tovuti za African Journals Online, DOAJ na Persée hazihitaji neno la siri kwa makala zilizo wazi. Anayehesabu mega za simu asome ikisiri kwanza, apakue baadaye.

Kazi za nyumbani zisisahauliwe. Majarida ya Cahiers du CRIDE na Annales de la Faculté des Sciences yalichapishwa hapa hapa Kisangani, kwa karatasi, na yana mambo ya mji huu ambayo msomaji hatayakuta kwa urahisi kwenye intaneti. Tasnifu inayotaja majarida ya Ulaya pekee kuhusu Kisangani haijakamilika. Mwanafunzi, kabla hujafungua simu, muulize mkutubi rafu zake zina nini.