Mwizi wa Krismasi na wananchi wenye hasira kali

Haya wadau, Desemba ikifika Mtaa wa Kongo pale Kariakoo huwa haupitiki. Mama kamshika mtoto kwa mkono mmoja, mkono wa pili kashika kiatu anabishania bei, na pochi iko wapi? Iko mgongoni huko kwenye mkoba, inajitegemea. Vibaka nao huu ndio msimu wao wa mavuno, kama ilivyo siku za kuelekea Idi. Halafu jioni unasikia kelele ya "mwizi! mwizi!", na kesho yake gazetini kuna aya mbili kwamba kijana ambaye hakufahamika mara moja ameuawa na "wananchi wenye hasira kali".

Mimi ni mwandishi wa habari na sentensi hiyo naijua vizuri mno. Kwa hiyo leo naomba tuende Uingereza ya miaka 400 iliyopita, maana wale jamaa walijaribu kwa muda mrefu sana hiki ambacho sisi tunakiita dawa ya wezi, na kumbukumbu za mahakama na vijitabu vya wakati ule vipo mpaka leo.

Tuanze na Krismasi ya mwaka 1611. Mfalme James wa Kwanza yuko kanisani ndani ya jumba lake la Whitehall, London, anashiriki ibada pamoja na familia yake. Katikati ya waumini yupo bwana mmoja aliyevaa vizuri, jina lake John Selman. Enzi hizo watu walibeba pesa kwenye kifuko kilichoning'inia, na mwizi alikuwa anakikata kwa kisu kidogo. Selman akakitwaa kifuko cha mtumishi mmoja wa bwana mkubwa, ndani mkiwa na shilingi 40 (ndiyo, shilingi, jina la hela yetu tulilipata kwao). Akakamatwa hapo hapo. Krismasi, kanisani, mbele ya mfalme! Januari 1612, hata wiki mbili hazijaisha, akanyongwa hadharani karibu na Charing Cross.

Sasa sikieni hii. Kijitabu kilichochapishwa mwaka huo huo kuhusu kesi yake kinasimulia kwamba wakati Selman ananyongwa, na umati umejaa unashangaa, mwizi mwenzake alikuwa humo humo kwenye umati anamchomolea mtu pochi. Adhabu yenyewe ilikuwa imegeuka soko.

Mwandishi wa tamthilia Ben Jonson alilielewa jambo hilo. Mwaka 1614 igizo lake la Bartholomew Fair lilionyeshwa, linahusu gulio kubwa la London lililokuwa linafanyika kila Agosti. Ndani yake kuna mwimbaji anaimba wimbo wa kuwaonya watu wajihadhari na wezi wa mifukoni. Watu wanajazana kumsikiliza. Kumbe mwimbaji na mwizi lao moja! Mnunuzi mmoja mshamba anajigamba kwamba yeye haibiwi, mkono wake umeshikilia pochi mfukoni. Mwizi anachukua unyasi, anamtekenya sikioni. Jamaa anatoa mkono kujikuna. Kwisha habari yake.

Ukiniuliza, somo lote la kujikinga na wizi madukani liko kwenye ule unyasi. Kibaka hashindani nguvu na wewe, anatafuta sekunde mbili za mkono wako kuwa kwingine. Siku hizi unyasi ni yule anayekukanyaga kisha anaomba radhi kupita kiasi, au anayekwambia una uchafu mgongoni, au anayeangusha sarafu mbele yako. Akitokea wa hivyo, shika mali yako kwanza, heshima baadaye. Mkoba uwe kifuani. Pesa ya nauli na ya manunuzi madogo iwe mbali na pesa kubwa, usifungue bunda zima mbele ya kaunta kwa ajili ya soksi. Na simu, ambayo sasa ndiyo benki yako, usiiweke mfuko wa nyuma wa suruali, namba ya siri usiiandike popote, na ikiibwa kitu cha kwanza ni kuazima simu ya mtu na kuifunga laini kabla hujaanza kumfukuza mtu yeyote.

Turudi London. Kufikia mwaka 1699 maduka yameongezeka, na wenye maduka wanalia. Bunge likapitisha sheria kwamba atakayeiba kwa siri dukani kitu cha thamani ya shilingi tano au zaidi anyongwe. Shilingi tano!

Mwaka 1771 ikamkuta Mary Jones. Kwa maelezo aliyoyatoa Sir William Meredith bungeni miaka sita baadaye, huyu alikuwa binti ambaye hata miaka 19 hajatimiza, mumewe amekamatwa kwa nguvu akapelekwa jeshi la majini, yeye akabaki na watoto wawili bila makazi, anaomba barabarani. Akaingia dukani mtaa wa Ludgate, akachukua kitambaa kwenye kaunta akakificha chini ya joho lake. Muuzaji akamwona, naye akakirudisha. Wakamnyonga hata hivyo. Meredith alisema mtoto wake alikuwa ananyonya wakati anapelekwa kwenye kitanzi.

Je, wizi uliisha? Thubutu. Kilichotokea ni kwamba watu wenyewe walianza kuiogopa sheria yao. Wenye maduka wengine wakawa hawashitaki, maana nani anataka kumbeba maiti moyoni kwa ajili ya kitambaa? Wazee wa baraza mahakamani wakawa wanasema uongo makusudi: kitu cha thamani kubwa wanakikadiria kuwa shilingi nne na peni kumi, ili tu kisifike tano. Mwanasheria Samuel Romilly alifanikiwa mwaka 1808 kufuta kifo kwa wizi wa mifukoni. Mwaka 1810 akajaribu na ile ya madukani, baraza la chini likakubali, la mabwana likakataa, na maaskofu saba, akiwemo Askofu Mkuu wa Canterbury, wakapiga kura kitanzi kibaki. Ilibidi kusubiri miaka ya 1820.

Ona tofauti hapo. Mary Jones alipata angalau jaji, wazee wa baraza, na mtu wa kuandika jina lake. Kijana wa Mtaa wa Kongo anapata tairi na petroli kwa dakika kumi, na hakuna aliyethibitisha kama kweli ndiye aliyechomoa ile simu au alikuwa anakimbia tu kama wengine. Kanuni yetu ya adhabu inasema adhabu ya wizi ni kifungo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiandika kwa miaka mingi kwenye ripoti zake kuhusu mauaji ya watu kujichukulia sheria mkononi, na "wananchi wenye hasira kali" ni nadra mno kufikishwa mahakamani, kwa sababu hawana majina. Sisi waandishi ndio tuliowapa hilo jina la jumla, la kuwafichia.

Ukimkamata kibaka sikukuu hii, kituo cha polisi cha Msimbazi hakiko mbali na Mtaa wa Kongo. Ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu, hata kwenye msongamano wa Desemba.