Husuni Kubwa: Jumba la Sultani Lililokwama Njiani

Sultani al-Hasan bin Sulaiman alipoamua kujenga, hakutafuta kiwanja mjini. Mwanzoni mwa karne ya 14 mji wa Kilwa Kisiwani ulikuwa umejikusanya karibu na Msikiti Mkuu, na huko ndiko yalikokuwa maisha yote ya heshima: sala, soko, baraza, ndugu na jamaa. Yeye akaupa mji kisogo. Akaelekea mashariki, mwendo wa kama nusu saa kwa miguu, hadi kwenye mwamba uliochomoza baharini upande wa kaskazini wa kisiwa, akasema jumba lake likae pale juu. Chombo chochote kilichoingia bandarini kingeliona kabla hakijashusha tanga.

Leo tunaliita Husuni Kubwa. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, na halikukamilika.

Anayetaka kupima ukubwa wa tamaa hiyo ajue kwanza nyumba ya mawe ya pwani ilivyojengwa. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu, magumu, yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Chokaa yenyewe hutoka kwenye matumbawe hayo hayo. Magogo hupangwa kwa duara hadi yawe kilima, mawe hupakiwa juu, moto ukawashwa, kisha majivu meupe yakaachwa miezi kadhaa yapoe na kulainika kabla fundi hajayagusa. Fundi mwenye haraka hupata lipu inayopasuka. Kwa mapambo kuna tumbawe jingine, la kukatwa baharini likiwa bado hai. Likiwa bichi huchongeka kwa urahisi, likishapigwa na upepo na jua hugeuka jiwe kweli. Mchongaji hana budi kuwa karibu na ufuo na kuwahi.

Juu ya yote hayo huja boriti. Mti wa mkoko wenye nguvu ya kubeba dari la mawe na chokaa haupatikani kwa urefu wowote unaoutaka, kwa hiyo chumba cha pwani hakikuweza kupita upana wa mita mbili na nusu, au zaidi kidogo. Ndiyo maana nyumba za kale, kuanzia Songo Mnara hadi Lamu, zina vyumba virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, mwanga ukipungua kadiri unavyoingia ndani. Tajiri na mwenye uwezo wa kawaida walibanwa na mti uleule.

Al-Hasan hakukubali kubanwa. Mafundi wake walijenga kuba na dari za matao, zikabeba uzito bila boriti hata moja. Kazi ya namna hiyo aliifanya pia msikitini, alipoongeza ukumbi mkubwa wa kuba na nguzo za matumbawe kusini mwa msikiti wa zamani. Ujasiri ulikuwa mwingi kuliko uzoefu, kwa maoni yangu, maana ukumbi huo wa msikiti ulianguka na kulazimika kujengwa upya katika karne ya 15. Lakini kabla ya kumcheka tukumbuke kwamba hakuna aliyekuwa amejaribu jambo la ukubwa huo katika pwani yetu.

Sehemu ambayo wageni husimama kwa muda mrefu zaidi ni birika la kuogea. Limekaa upande wa bahari, lina pembe nane, na katika kingo zake kuna vipembe vya nusu duara ambamo mtu angeweza kuketi, maji yakimfika kifuani, akizungumza na mwenzake wa upande wa pili. Chini, ng'ambo ya ukingo wa mwamba, kuna bahari nzima. Lakini maji ya bahari hayaogeki kwa starehe ya namna hii. Ya birika yalipaswa kuchotwa kisimani na kubebwa, ndoo kwa ndoo, na migongo ambayo historia haikuiandika majina. Karibu na hapo kuna ua wa mabaraza, wenye ngazi pana za kukalia na vidaka vya taa ukutani, mahali pa kupokea watu jioni. Ngazi nyingine zinashuka hadi ufukweni, ili mgeni atoke mashuani na kupanda moja kwa moja bila kupita mjini.

Ukiishia hapo utadhani ni nyumba ya starehe tu. Nenda kusini. Huko kuna ua mpana sana, na kuuzunguka vyumba vimepangwa kwa safu, vyote vya namna moja, visivyo na madoido. Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyefukua Kilwa katika miaka ya 1960, aliviona kuwa maghala, na mimi sioni jinsi ya kuvielewa vinginevyo. Jumba la kifahari lilikuwa na bohari mgongoni. Sultani alilala juu ya mali yake.

Mali hiyo ilitoka mbali. Dhahabu ya nyanda za Zimbabwe ilishuka hadi bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, na Sofala ilikuwa mbali mno kwa majahazi ya Arabuni na India kwenda na kurudi katika msimu mmoja wa kaskazi na kusi. Lakini Kilwa yangeweza kufika. Basi Kilwa ikawa mlango: dhahabu na pembe zikikusanywa hapo, vitambaa, shanga na vyombo vya udongo vya China vikipokelewa hapo, na kila kilichopita kiliacha kitu mkononi mwa mtawala. Katika vifusi vya Husuni Kubwa ilipatikana chupa ya kauri ya Kichina ya enzi za Yuan. Na sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa Great Zimbabwe, bara kabisa.

Mwaka 1331 alifika mgeni aliyeandika. Ibn Battuta wa Tanja alitoka Mombasa, akashuka Kilwa, akausifu mji kwa uzuri wake, akamsifu zaidi sultani, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib kwa wingi wa zawadi zake. Cha ajabu, kuhusu jumba lile hakusema neno. Alichokiandika ni kisa. Sultani alikuwa akitoka kwenye sala ya Ijumaa, fukara mmoja kutoka Yemen akamsimamisha njiani na kumwomba nguo alizovaa. Sultani akakubali hapo hapo, akaingia nyumbani kwa khatibu, akabadili, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa watumwa 10. Sultani aliposikia jinsi watu walivyokisifu kitendo hicho, akaamuru fukara aongezewe watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe. Msafiri alikiona hicho kuwa ni ukarimu tu. Wale watu 20, waliohesabiwa pamoja na pembe za ndovu, hakuwauliza lolote.

Kisa hicho kinanisaidia kulielewa jumba kuliko vipimo vya ukuta. Mfanyabiashara wa Aden aliyelala katika nyumba ya sultani, akaoga katika birika lake na kuondoka na zawadi, alirudi msimu uliofuata, na aliporudi shehena yake iliingia katika maghala ya sultani. Ukarimu na ushuru vilikaa chini ya dari moja. Ndiyo maana nasema mabaraza yale, ngazi zile za ufukweni na hata pembe nane za birika zilijengwa kwa ajili ya wageni kuliko mwenye nyumba.

Al-Hasan alipofariki, kwenye miaka ya 1330, alirithiwa na nduguye Daud. Ibn Battuta anasimulia kwamba huyu alikuwa kinyume chake. Mwombaji alipomjia, alimjibu kwamba mtoaji amekwisha kufa na hakuacha cha kutolewa. Wageni walingoja miezi mlangoni, kisha wakapata kidogo. Wengi wamemsoma Daud kama bahili. Mimi namsoma kama mtu aliyefungua hesabu za kaka yake. Jumba la vyumba zaidi ya 100 nje ya mji, tanuru za chokaa zikila misitu, kuba msikitini, sarafu, zawadi kwa kila apitaye: yote hayo yalitegemea dhahabu ambayo Kilwa haikuichimba.

Husuni Kubwa haikudumu kukaliwa. Baadhi ya sehemu zake ziliachwa kabla ya kumalizika, na masultani waliofuata waliishi mjini, karibu na msikiti. Mwaka 1505 Wareno wa Francisco de Almeida walipoiteka na kuipora Kilwa, jumba la mwambani lilikuwa limeshaachwa zamani.

UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, kuta zikiporomoka na mawimbi yakimega ufuo, hadi yalipoondolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Mwaka ule ule wa 2004 Tanzania ilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Kwa kipimo hicho, sultani angeruhusiwa kujenga maghala yake ya kusini bila shida. Birika na ngazi za ufukweni ndizo ambazo angelazimika kuziombea kibali.