Nakala Hewa: Istilahi ya Kuhakiki Nakala Rudufu

Ndani ya RMAN, programu ya Oracle ya kutunza nakala rudufu za hifadhidata, kuna amri moja fupi: CROSSCHECK. Ukiiandika, programu inafungua daftari lake la nakala na kulipitia mstari kwa mstari. Kwa kila nakala iliyoorodheshwa humo inakwenda kutazama kama kweli ipo pale daftari linaposema ipo, iwe kwenye diski au kwenye kanda. Ikiipata, inaandika AVAILABLE, yaani ipo. Isipoipata, inaandika EXPIRED. Haifuti faili wala haitengenezi kilichoharibika. Kazi yake inaishia kwenye daftari.

Kwa Kiswahili, maneno matatu yanagombea nafasi hii: ukaguzi, uthibitishaji na uhakiki. Ukaguzi tumeuzoea kwenye hesabu na shule, na mkaguzi hutoa hukumu juu ya ubora wa kazi, jambo ambalo amri hii haifanyi. Uthibitishaji una kazi yake: RMAN ina amri nyingine, VALIDATE, inayoifungua nakala na kuisoma kipande kwa kipande kuona kama inasomeka. Unabaki uhakiki. Walimu wa fasihi watanung'unika, maana kwao uhakiki ni kuchambua riwaya na mashairi, lakini maofisini neno hili limeshakomaa kwa maana ya kulinganisha orodha na kilichopo.

West Nile, eneo la kaskazini-magharibi mwa Uganda, inaujua vizuri uhakiki wa namna hiyo. Mwaka 2018, baada ya tuhuma kwamba idadi ya wakimbizi imetiwa chumvi, Ofisi ya Waziri Mkuu ya Uganda na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, walihakiki wakimbizi nchi nzima, kuanzia Machi hadi Oktoba. Katika makazi kama Rhino Camp na Imvepi, ambayo wakati huo yalikuwa katika wilaya ya Arua, na Lobule wilayani Koboko, wakimbizi walihakikiwa kwa alama za vidole na mboni za macho. Kwenye rejista walikuwa watu wapatao milioni 1.4, waliothibitika walikuwa milioni 1.1 hivi. Swali la msingi lilikuwa moja: aliyeandikwa hapa, yupo? Na asiyejitokeza si lazima awe mtu wa kubuni. Huenda alisharudi Sudan Kusini au alihamia kwingine. CROSSCHECK nayo inauliza swali hilohilo, na jibu lake lina mpaka huohuo.

Kazi ngumu zaidi ni kulitafsiri neno EXPIRED. Mtafsiri mwenye haraka ataandika "iliyokwisha muda", na atakuwa amempoteza msomaji. Katika RMAN hali hii haihusiani na tarehe hata kidogo. Nakala ya jana usiku inaweza kuandikwa EXPIRED leo asubuhi kwa sababu tu faili lake halionekani. Nakala iliyopitwa na wakati ina jina jingine, OBSOLETE: hiyo ipo, ila kwa kanuni mliyojiwekea ya muda wa kutunza, haihitajiki tena. Anayechanganya haya mawili anaweza kufuta asichokusudia.

Kiswahili kina neno linalolenga penyewe: hewa. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilipotangaza kuwaondoa watumishi hewa zaidi ya 10,000 kwenye orodha ya mishahara, hakuna aliyehitaji kamusi. Mtumishi hewa ana jina, ana namba, ana mshahara, ila kazini hayupo. Nakala hewa ni vivyo hivyo: daftarini ina jina, tarehe na ukubwa, na kwenye diski hamna kitu. Ninapendekeza basi: CROSSCHECK ni uhakiki wa nakala, EXPIRED ni nakala hewa, OBSOLETE ni nakala iliyopitwa. UNAVAILABLE, hali ambayo msimamizi mwenyewe huiweka kwa nakala iliyopelekwa mahali pengine, iwe nakala isiyofikika.

Sasa tuone hatari yake. Tuseme ofisi moja mjini Arua inaandika nakala zake kwenye diski ya nje, na kila jioni mtu anaichomoa na kuifungia kabatini. Asubuhi msimamizi anafanya uhakiki kabla diski haijachomekwa, na nakala zote zinatoka hewa. Akifuatisha amri ya DELETE EXPIRED hapohapo, daftari linazisahau nakala ambazo ni nzima na zimo kabatini. Angechomeka diski kwanza na kurudia uhakiki, zingerudi kuwa AVAILABLE. Akishafuta, itabidi aziandikishe upya kwa amri ya CATALOG, akikumbuka zilipo.

Kwenye kanda mambo ni magumu zaidi. Huko RMAN haiisomi kanda yenyewe. Inaiuliza programu inayosimamia kanda kama nakala imo kwenye orodha yake. Yaani daftari moja linauliza daftari jingine. Kanda iliyoliwa na panya itaendelea kuitwa AVAILABLE.

Tena si kila hifadhidata ina daftari la kuhakiki. UgandaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa juu ya OpenMRS, huweka data zake kwenye MySQL, na zana yake ya kutolea nakala, mysqldump, haitunzi orodha ya nakala ilizotoa. Hapo daftari ni lako. Umeme nao unaweza kuiharibu nakala: kwa miaka mingi West Nile ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea jenereta na kituo kidogo cha Nyagak chenye megawati 3.5. Umeme ukikatika nakala ikiwa inaandikwa, faili linabaki, jina lake sahihi, nusu tu. Si nakala hewa, kwa kuwa ipo, lakini haitamfaa mtu. Soma mstari wake wa mwisho: mysqldump ikimaliza salama, kwa kawaida huacha maneno "Dump completed" pamoja na tarehe. Usipoyaona, rudia kazi.

Hata wakubwa yamewakuta. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya data zipatazo gigabaiti 300. Walipokwenda kwenye ghala la nakala zao mtandaoni walikuta tupu. Nakala zilikuwa zinashindikana kimyakimya kwa sababu ya matoleo mawili yasiyopatana ya PostgreSQL, programu yao ya hifadhidata, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi aliitoa kwa mkono muda wa saa sita hivi kabla ya ajali, kwa kazi nyingine kabisa.

Kwa hiyo mfuatano uwe huu: uhakiki kujua kama nakala ipo, uthibitishaji kujua kama inasomeka, na urejeshaji wa majaribio kwenye kompyuta nyingine kujua kama data zinarudi. Tangu Julai 2022, baraza la mawaziri la Uganda lilipopitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, mafundi wa Arua na Koboko wana sababu ya kuyaandika maneno haya katika miongozo yao ya kazi. Na katika miongozo hiyo, mstari wa kwanza usomeke: usifute nakala hewa kabla hujahakikisha kwamba diski imechomekwa.