Mzio: Jinsi ya kuutambua, kujikinga na kuutibu

NI jambo la kawaida katika nyumba za Likoni, Kisauni na Changamwe kumsikia mtu akipiga chafya mfululizo kila alfajiri na kusema kwamba ana mafua. Mafua ya virusi kwa kawaida huisha baada ya wiki moja au mbili. Yanapodumu mwezi mzima bila homa, macho yakiwasha na kutoa machozi, na hali ikawa mbaya zaidi kila shuka zinapokung'utwa, huenda hayo si mafua bali ni mzio, ambao wengi huuita aleji.

Mzio mwingi ni kero tu. Hata hivyo, upo unaoweza kuua kwa muda wa dakika chache. Kutofautisha hali hizo mbili, na kufahamu ni kitu gani hasa kinachomdhuru mtu, ni mambo ya kwanza ambayo kila familia inapaswa kuyajua.

Mzio ni nini?

Mzio ni hali ambapo kinga ya mwili hukosea na kukishambulia kitu kisicho na madhara kwa watu wengi, kama vile vumbi, kamba au karanga. Neno aleji lilibuniwa mwaka wa 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa watoto mjini Vienna, Austria.

Mtu anapokutana na kitu hicho kwa mara ya kwanza, kwa kawaida haoni dalili yoyote. Hata hivyo, mwili wake huweza kutengeneza kingamwili ziitwazo IgE, ambazo ziligunduliwa na watafiti kati ya mwaka wa 1966 na 1967. Kingamwili hizo hukaa kwenye seli maalumu zilizomo katika ngozi, pua, mapafu na utumbo. Kitu kile kinaporudi, seli hizo humwaga kemikali iitwayo histamini, ambayo huleta mwasho, uvimbe, makamasi na kubanwa kwa kifua.

Ndiyo sababu mtu anaweza kula kamba kwa miaka 20 bila tatizo, kisha siku moja akavimba midomo. Mzio hauambukizi, lakini mwelekeo wa kuupata hurithiwa. Mtoto ambaye wazazi wake wana pumu, ukurutu au chafya za mara kwa mara yumo katika hatari kubwa kuliko wengine.

Vumbi, unyevu na moshi

Chanzo kikubwa cha mzio wa pua na pumu katika maeneo ya pwani ni wadudu wadogo mno, wasioonekana kwa macho, waitwao utitiri wa vumbi. Huishi katika magodoro, mito, mazulia na makochi, wakila chembe za ngozi zinazobanduka mwilini mwa binadamu. Huhitaji hewa yenye unyevu, na hewa ya Mombasa huwa na unyevu mwingi karibu mwaka mzima. Wakati wa masika kuvu huongezeka kwenye kuta na kabati, nayo pia huleta mzio. Kinyesi na mabaki ya mende huongeza tatizo hilo, hasa katika nyumba zenye msongamano.

Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto, yaani ya nyuzi 60 au zaidi. Godoro lianikwe juani mara kwa mara, na madirisha yafunguliwe mchana ili hewa ipite. Sakafu ipigwe deki badala ya kufagiliwa kwa ufagio mkavu unaotimua vumbi. Nguo zisianikwe ndani ya chumba cha kulala.

Chandarua nacho hukusanya vumbi, lakini hiyo si sababu ya kukiacha, kwa kuwa malaria ni hatari kubwa zaidi. Kifuliwe taratibu kwa sabuni isiyo kali na kuanikwa kivulini ili dawa yake isiharibike.

Moshi wa udi, ubani, mkaa na dawa ya mbu ya kuchoma si mzio kwa maana yake halisi, lakini huchokoza njia za hewa ambazo tayari zimevimba. Ndivyo ulivyo pia moshi wa malori kwa wanaoishi kando ya barabara kuu Changamwe. Mwenye pumu asifukiziwe udi chumbani.

Vyakula vya baharini na njugu

Kamba, kaa na kamba mti ni miongoni mwa vyakula vinavyoleta mzio zaidi kwa watu wazima. Protini inayosababisha mzio huo haiharibiwi na moto, hivyo kuwapika sana hakusaidii. Protini inayofanana nayo imo pia katika utitiri na mende, na kwa hiyo baadhi ya watu wenye mzio wa vumbi hudhurika wanapokula kamba. Mwenye mzio wa kamba si lazima aache samaki kama changu au tafi, kwa kuwa protini zao ni tofauti. Lakini asile viazi vya karai au bajia zilizokaangwa katika mafuta yaliyotumiwa kukaangia kamba. Wenye mzio wa karanga au korosho wanapaswa kuuliza kilichomo katika kashata, halua na biriani kabla ya kula.

Ipo hali nyingine inayofanana sana na mzio lakini si mzio. Jodari na vibua wasiowekwa kwenye barafu mara baada ya kuvuliwa hujaa histamini, nayo haiondolewi kwa kupikwa wala kukaangwa. Anayewala huwa mwekundu usoni, huumwa kichwa, moyo humwenda mbio na pengine huhisi ladha ya pilipili mdomoni. Tofauti ni kwamba katika mzio hudhurika mtu mmoja tu mezani, ilhali katika sumu hii wanaweza kudhurika wengi waliokula samaki yule yule. Aliyepatwa na sumu hiyo hana haja ya kuacha samaki maisha yake yote. Anunue tu samaki waliohifadhiwa vizuri.

Kuhusu watoto, ushauri umebadilika. Zamani wazazi waliambiwa wachelewe kuwapa watoto karanga. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015, ulioongozwa na Profesa Gideon Lack wa London, ulionyesha kwamba watoto wachanga waliokuwa katika hatari ya kupata mzio, ambao walianza kula karanga mapema, walipungukiwa na mzio huo kwa takriban asilimia 80 wakilinganishwa na walionyimwa. Mtoto apewe karanga iliyosagwa laini na kuchanganywa katika uji, kamwe si punje nzima zinazoweza kumkaba. Mwenye ukurutu mkali aonwe kwanza na daktari.

Hina na piko

Hina halisi hutokana na majani ya mhina. Hutoa rangi ya machungwa inayokolea na kuwa hudhurungi, na huhitaji kukaa mkononi kwa saa kadhaa. Ni nadra kuleta mzio. Piko ni kitu kingine. Weusi wake wa haraka hutokana na kemikali ya kupaka nywele rangi, iitwayo PPD kwa kifupi. Nchini Marekani hairuhusiwi kupakwa moja kwa moja kwenye ngozi.

Mzio wa piko huchelewa. Bi harusi hung'ara siku ya sherehe, kisha siku moja hadi tatu baadaye mchoro wenyewe huvimba, huwasha na kutoa malengelenge yanayofuata maua yaliyochorwa. Makovu yanaweza kubaki kwa miezi. La kuhofia zaidi ni kwamba mzio huo hudumu maishani. Aliyechomwa na piko akiwa msichana anaweza kuvimba uso na macho miaka mingi baadaye anapopaka nywele rangi nyeusi.

Kwa hiyo, watoto wasichorwe piko. Aliyewahi kuwashwa hata kidogo asirudie. Mchoraji aulizwe kilichomo, na hina inayokuwa nyeusi tii kwa muda mfupi ikataliwe.

Kazini

Mafundi wa ujenzi hupata mzio wa kemikali ya kromiamu iliyomo katika saruji mbichi, na mikono yao hupasuka na kuwasha kwa miaka mingi. Wavae glavu zisizopitisha maji na kunawa mara tu baada ya kazi. Wapakiaji na wafanyakazi wa maghala huvuta vumbi la nafaka, kahawa na chai, ambalo linaweza kuleta pumu ya kazini. Dalili yake kuu ni kifua kinachobana siku za kazi na kupata nafuu siku za mapumziko. Ni muhimu kumweleza daktari kazi unayofanya.

Dawa za hospitalini

Penisilini na dawa zenye salfa, zikiwemo Septrin na SP wanayopewa wajawazito wa pwani kuzuia malaria, huweza kuleta mzio. Mwenye historia hiyo amweleze mhudumu kabla ya kumeza. Ikiwa baada ya kuanza dawa yoyote vidonda vitatokea mdomoni au ngozi itaanza kubambuka, dawa iachwe na mgonjwa apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Vipimo na matibabu

Daktari hutambua mzio hasa kwa kusikiliza maelezo ya mgonjwa. Vipimo vya ngozi au damu huthibitisha tu. Anayekwenda kupimwa ngozi hutakiwa kuacha dawa za kuzuia histamini siku kadhaa kabla, kwa ushauri wa daktari.

Dawa ya klofeniramini, inayojulikana kwa jina la Piriton, hupunguza mwasho na chafya, lakini huleta usingizi. Ni hatari kwa madereva na waendeshaji wa bodaboda. Setirizini na loratadini hazilevyi kiasi hicho. Kwa pua inayosumbua kila siku, dawa ya steroidi ya kupulizia puani hufaa zaidi, ila sharti itumiwe kila siku kwa majuma kadhaa. Mwenye pumu asitegemee dawa ya kutuliza peke yake, kwa kuwa inayozuia uvimbe katika mapafu ndiyo msingi wa tiba.

Krimu za steroidi hutibu ukurutu zikitumiwa kwa muda na kiasi kilichoelekezwa. Kuzitumia kujichubua hufanya ngozi kuwa nyembamba na dhaifu. Mafuta ya nazi hulainisha ngozi kavu, lakini hayaondoi mzio.

Mzio unaoua

Hali ya hatari ni mshtuko wa mzio, ulioelezwa na Mfaransa Charles Richet mwaka wa 1902, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1913. Huanza dakika chache baada ya kula, kudungwa sindano au kuumwa na nyuki. Mgonjwa hutokwa na vipele mwili mzima, huvimba ulimi au koo, sauti hukwaruza, hupumua kwa shida, hutapika, huona kizunguzungu au kuzirai.

Tiba ya kwanza ni sindano ya adrenalini katika msuli wa nje wa paja, ambayo hurudiwa baada ya dakika tano ikiwa hakuna nafuu. Piriton haiwezi kuchukua nafasi yake, wala maziwa au kutapishwa. Mgonjwa alazwe chali, miguu ikiinuliwa. Akishindwa kupumua akae, lakini asisimamishwe wala kutembezwa. Akipata nafuu abaki hospitalini kwa saa kadhaa, kwani dalili huweza kurudi.

Kwa wakazi wa bara, umbali ni suala la uhai. Aliye Likoni asipange foleni ya feri kwenda Hospitali Kuu ya Pwani kabla ya kudungwa adrenalini. Afikishwe kwanza Hospitali ya Likoni au kituo chochote cha afya kilicho karibu zaidi. Vivyo hivyo, wa Changamwe aanzie Port Reitz na wa Kisauni aanzie Mlaleo, iwapo ndizo zilizo karibu naye. Rufaa ya kwenda kisiwani ifuate baadaye.

Mwenye mzio mkali aandike jina la kitu kinachomdhuru kwenye karatasi na kuiweka pamoja na kitambulisho chake. Walio karibu naye, yaani mpishi, mwalimu wa mtoto, mchoraji wa hina na muuguzi, waambiwe mapema, na familia ikubaliane ni kituo gani cha afya kitakachokimbiliwa usiku na mchana.