Metani ya vinamasi vya tropiki: kutoka fimbo ya Volta (1776) hadi ndege ya Bangweulu (2019)

1. Utangulizi

Vinamasi vya ukanda wa tropiki hutoa metani, gesi ambayo kwa muda wa miaka 20 huongeza joto la dunia mara 84 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Hukadiriwa kwamba vinamasi hivyo hutoa karibu sehemu moja kwa tano ya metani yote inayoingia hewani. Tangu mwaka 2007 metani hewani imepanda kwa kasi mpya, na wataalamu wamebishana juu ya chanzo chake. Kwa vinamasi vya Afrika, ubishi huo uliendeshwa kwa muda mrefu bila vipimo vya kutosha. Makala haya yanaeleza jinsi vipimo vyenyewe vilivyopatikana, na vilivyobadilisha.

2. Kabla ya ndege

Mwaka 1776 Alessandro Volta, mtaalamu wa Italia, alichokoa tope la ziwa Maggiore kwa fimbo, akakinga mapovu yaliyopanda na kuthibitisha kwamba hewa ile huwaka. Baadaye ikajulikana kwamba hutengenezwa na vijiumbe vinavyoishi katika tope lisilo na oksijeni, majani yanapooza. Njia ya kuipima haikuachana sana na ile ya Volta: chombo hufunikwa juu ya maji, na gesi inayokusanyika ndani hupimwa. Njia hii ni ya kweli, ila inaeleza mahali padogo tu. Kinamasi kina mafunjo, maji ya wazi na ardhi inayokauka na kufurika. Hakuna mita moja inayoweza kusema kwa niaba ya zote.

3. Ndege yaanza kazi

Ndege ya Marekani aina ya Electra ilipima hewa ya msitu wa Amazon wakati wa kiangazi cha 1985 na wakati wa masika ya 1987. Mwaka 1988, katika utafiti ulioitwa DECAFE, wataalamu walipima metani ya misitu iliyofurika kaskazini mwa Kongo-Brazzaville, huku vipimo vingine vikichukuliwa kwa ndege.

Mapema mwaka 2019 ndege ya utafiti ya Uingereza, BAe-146, iliruka juu ya maeneo matatu ya Zambia: Bangweulu, Kafue na Lukanga. Njia tatu zilitumiwa, kila moja ikijitegemea. Katika ya kwanza, metani ya upande unakotoka upepo hulinganishwa na ile ya upande unakoelekea. Tofauti yake, ikihesabiwa pamoja na kasi ya upepo, huonyesha kilichotolewa na kinamasi. Ya pili hupima kwa haraka sana hewa inayopanda na kushuka pamoja na gesi iliyomo. Ya tatu hurudisha nyuma, kwa hesabu za kompyuta, safari ya hewa hadi ilikotoka.

Vipimo vilionyesha miligramu 5 hadi 28 za metani kwa kila mita ya mraba kwa saa. Mifano ya kompyuta ilikuwa imetabiri 0.6 hadi 3.9 tu. Tofauti ilikuwa kama mara kumi.

4. Maana yake

Ni kweli kwamba safari chache za msimu mmoja haziwezi kueleza mwaka mzima. Hata hivyo, njia tatu kwa pamoja zilikanusha mifano. Ikiwa vinamasi hutoa metani nyingi kuliko ilivyodhaniwa, nafasi iliyobaki kwa gesi za viwanda, migodi na mifugo inapungua. Binadamu atalazimika kupunguza zaidi.

Jambo hili linagusa Kongo moja kwa moja. Maji ya Bangweulu hutoka kwa mto Luapula, hupita ziwa Mweru na mto Luvua, na kuingia Lualaba. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba bonde la kati la mto Kongo lina ardhi ya mboji yenye maji ya kilomita za mraba 145,500 hivi. Mfano uliokosea Bangweulu hauwezi kuaminiwa huko bila kupimwa. Nchi isiyo na vipimo vyake huhukumiwa kwa makadirio ya wengine. Nayo makadirio hayo, kama Zambia ilivyoonyesha, yaweza kupungukiwa mara kumi.