Rafiki Aliyezikwa Mbali

Makambako ni njia panda: barabara ya Njombe na Songea huachana hapo na ile ya Mbeya, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, hupita papo hapo. Wengi wetu tunaye rafiki aliyesafiri, akafariki na kuzikwa mbali. Ndugu wa damu wana matanga yao. Sisi rafiki tuna nini?

Mtakatifu Augustino alipofiwa na rafiki yake huko Tagaste, alikuwa hajabatizwa, akawa hana la kumpa ila machozi. Alibatizwa mwaka 387. Mwaka huo huo mama yake Monika, akikaribia kufa ugenini Ostia, hakudai kurudishwa Afrika azikwe kwao. Aliomba akumbukwe tu kwenye altare ya Bwana.

Watawa waliitunza desturi hiyo. Odilo, Abate wa Cluny aliyefariki mwaka 1049, aliagiza marehemu wote waombewe tarehe 2 Novemba. Wabenediktini waliofungua Peramiho mwaka 1898 ni wa ukoo huo wa kitawa. Mwaka 1915, vita ikiwaka hata nchini kwetu, Papa Benedikto wa XV aliwaruhusu mapadre wote kuadhimisha Misa tatu siku hiyo.

Basi rafiki na aandikishe nia ya Misa parokiani, undugu hauulizwi. Tarehe 1 hadi 8 Novemba na azuru makaburi ya hapa hapa, hata kama ni ya wageni, na akiisha kuungama, kukomunika na kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, amwombee rehema kamili yule aliyelala Tunduma au Dar es Salaam.